Kaunta ya Mbao na Mbuzi wa Faini

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wajukuu wangu na wale wasio wangu, kaeni vizuri kwanza. Acheni kuegemea ukuta. Nimeingia kwenye majiko yenu huko mjini nikaona mmeweka jiwe la kung'aa juu ya makabati, juu ya jiwe mmeweka kibao cha kukatia, juu ya kibao mmetandika kitambaa, na bado mnakata nyanya kama mtu anayeshona jeraha. Halafu mkwaruzo ukitokea, ule wa kuonekana tu ukipiga magoti, mnapiga simu kwa fundi na mnaongea kama kuna msiba. Mimi niliishi na kaunta iliyopigwa panga na wazee wa ukoo, na hakuna aliyepiga simu, kwanza kwa sababu simu haikuwepo.

Shule nilisoma kidogo, ya kunitosha Biblia na barua. Kwa hivyo nitaandika vile naongea. Asiyependa afunge kitabu akaoshe vyombo.

Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, wazungu wa upande wa Naro Moru wakiuza mashamba na kwenda zao. Mume wangu alikuwa seremala kwa mmoja wao tangu ujana, na kitu alichokipenda katika nyumba ile si gari wala saa ya ukutani. Ni jiko. Aliniambia habari za jiko hilo hata siku ambazo sikuuliza. Ati kulikuwa na ubao mmoja mrefu ulioshikana na ukuta, kutoka dirishani hadi mlangoni, laini kama shavu la mtoto, na mpishi alifanya kazi yake yote hapo akiwa amesimama.

"Amesimama?" nikamuuliza. "Kwani hawakuwa na vigoda?"

Maana sisi tulipika tukiwa tumekaa. Mboga nilikata mkononi, fungu limebanwa kwenye kiganja cha kushoto, kisu kinakuja kuelekea kidole gumba. Ndivyo mama yangu alivyokata na vidole vyake vyote alikwenda navyo kaburini.

Basi tulipojenga nyumba ya mawe hapa Wamagana, mume wangu akaweka jiko ndani, na akatengeneza ubao wake. Aliuchonga kwa muthaiti, ule mti wa msituni wenye harufu ya dawa ya kifua. Aliupiga randa, akausugua msasa, akaupaka nta ya nyuki mpaka ukaona kivuli cha uso wako. Akauita kaunta.

Mama mkwe wangu, ambaye tuliishi naye boma moja, akaja kuiangalia. Akaizunguka mahali pa kuzungukia.

"Kaunta ni ya duka," akasema. "Sasa mtauza nini?"

"Hatuuzi, mama. Ni ya kupikia."

"Moto uko wapi?"

"Moto uko pale kwa jiko. Hapa ni pa kutayarishia chakula."

"Yaani kukata."

"Si kukata moja kwa moja, mama. Kukata unaweka sahani chini."

Mama mkwe akaniangalia mimi, kama mtu anayeuliza mgonjwa ameanza lini. Nikaangalia dirisha.

Lakini kaunta ile haikuwa mchezo, na mnielewe hapo. Mume wangu alikuwa ametoka kwa mzungu akaajiriwa katika karakana moja mjini Nyeri. Siku moja akamwambia tajiri wake kwamba anataka kufanya kazi yake mwenyewe. Tajiri akacheka mbele ya mafundi wote, akasema, "Nenda. Utarudi. Na ukirudi nitakupa ufagio, si randa." Mume wangu akaja nyumbani na sanduku la vyombo begani, na tangu siku hiyo kazi aliyopata ilikuwa vigoda na majeneza. Watu wa huku kwetu Tetu ni wazima sana. Hawakufa vya kutosha.

Ndipo akasikia kwamba mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana anajenga chumba cha kufundishia mapishi, na anataka kaunta ndefu pande zote. Tajiri yule wa mjini alikuwa ameshampelekea habari za fomaika kutoka Nairobi, ile karatasi ngumu ya kubandika juu ya mbao, ya rangi ya maziwa. Mume wangu akavaa koti akaenda. Mwalimu akamsikiliza, kisha akamwambia, "Mimi sinunui kitu kwa mdomo. Nitakuja kwako nione yako, ile mke wako anatumia kila siku."

Tukipalilia kahawa siku ile, mume wangu aliniambia bila kuinua macho, "Akikataa, nitaenda kushika huo ufagio. Sitaki watoto walale njaa kwa sababu ya kiburi changu." Alisema mara moja tu, lakini kutoka hapo nikaiona kaunta kwa macho mengine.

Sasa kabla mwalimu hajaja, ikafika siku ya mahari ya dada ya mume wangu. Baba yao alikuwa amefariki, kwa hivyo sherehe ikawa kwetu, kwa sababu mume wangu ndiye mkubwa. Na hapa nisikilizeni desturi. Mbuzi wa mahari hukatwa na wazee wanaume, nje, juu ya majani ya migomba yaliyotandazwa chini. Kila kipande kina mwenyewe. Hiki cha wakwe, hiki cha kina mama, hiki cha wasichana. Ukigawa vibaya unaweza kuvunja ndoa kabla bibi arusi hajafunga mzigo. Na wazee wakikata, mwanamke hakaribii. Hana shughuli pale, na akiwa na akili hataki kuwa na shughuli pale.

Kwa hivyo sisi wanawake tulikuwa katika jiko la zamani nyuma ya nyumba, tukiponda irio, viazi na mahindi na majani ya malenge, na kutoka machozi ya moshi. Mume wangu alikuwa sebuleni na wakwe, akiwamiminia chai na kucheka kila wakisema kitu. Wazee walikuwa nje na mbuzi, wakiongozwa na baba mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye mkataji wa ukoo mzima. Hakuna harusi katika ukoo ule ambayo mbavu hazikupita mikononi mwake.

Mvua ikashuka kutoka mlimani bila kuaga. Sisi tukafunga mlango tukaendelea. Baadaye kidogo nikasikia: ko! ko! ko!

"Wazee wamepata gogo zuri," nikamwambia jirani yangu aliyekuwa akiponda pamoja nami.

"Kavu kabisa," akasema. "Sikia linavyolia."

Mume wangu naye, huko sebuleni, alisikia ko ko ko akadhani ni sisi tunapasua kuni. Akainua sauti yake ili wakwe wasisumbuke. Kila mtu katika boma lile alisikia kaunta ikikatwa, na kila mtu akaipongeza.

Wakwe walipoondoka, wameshiba na wamekubali, nikaingia jikoni kutafuta birika. Nikasimama. Kaunta yote ilikuwa damu na mafuta na vipande vya mfupa. Nikavuta kitambaa nikapangusa mahali pamoja, na chini ya damu nikaona alama za panga, nyingi, nyingine fupi, nyingine ndefu, nyingine zimepandana, kama shamba lililolimwa na ng'ombe mlevi. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, anakausha miguu na kuguguna ubavu.

"Baba," nikasema, "mmekatia wapi?"

"Hapo." Akaonyesha kwa mfupa. "Meza nzuri sana hiyo. Haitikisiki hata kidogo. Mwambie kijana wangu amefanya kazi."

"Baba, hiyo si ya kukatia."

"Si ya kukatia?" Akaiangalia tena, taratibu. "Iko jikoni?"

"Iko jikoni."

"Ni ya mbao?"

"Ni ya mbao."

"Iko na urefu wa mbuzi?"

Nikaipima kwa macho. Ilikuwa na urefu wa mbuzi.

Mume wangu akaingia akitabasamu kwa ajili ya dada yake, akaona uso wangu, kisha akaona kaunta. Akaweka kiganja juu ya mbao akakipitisha taratibu toka mwisho mmoja hadi mwingine, akisimama kwa kila jeraha. Kisha akatoka nje akasimama kwa mvua, bila kofia, akiangalia upande wa Nyeri mjini ambako kulikuwa na ufagio.

Mama mkwe alipomwona mwanawe amelowa hivyo, akasema hili jambo halipiti hivi hivi. Akaita kesi. Wazee wakakaa sebuleni kwetu, wakanywa chai yetu, wakasikiliza mashtaka. Wote waliokaa kuhukumu walikuwa wamekula mbuzi aliyekatwa hapo. Wawili walikuwa wamemshika miguu akikatwa. Hata hivyo waliamua kwa haki: mkataji ana makosa, alipe faini ya mbuzi mmoja dume. Na mnajua desturi ya faini. Mbuzi wa faini huchinjwa palepale kosa lilipofanyika, na huliwa na wazee walioamua kesi, pamoja na mkosaji, ili roho zirudi kukaa vizuri. Sijawahi kuona mtu akihukumiwa huku analamba midomo.

"Nimekubali makosa," baba mdogo akasema. "Nimekubali kabisa. Tutakula lini?"

Wakachagua siku wenyewe. Hakuna aliyeniuliza. Siku waliyochagua ilikuwa ileile ambayo mwalimu mkuu angekuja, na nilipowaambia walisema vizuri, mgeni naye ataonja.

Mume wangu akaenda mjini kutafuta gundi na msasa. Akatuambia tusiguse kitu. Mimi nikaenda kuchuma kahawa. Nikawaacha nyumbani watu wawili wenye upendo, na hapo ndipo mambo yaliharibika zaidi.

Jirani yangu alikuja kutusaidia. Yeye sufuria zake zilijulikana kijiji kizima kwa kung'aa. Alizisugua kwa majivu na mchanga, kwa kuzungusha mkono, mpaka unaweza kujitazama meno. Akaona kaunta imechafuka, akaleta majivu na mchanga wake. Akazungusha. Akazungusha kaunta yote, kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Mama mkwe akaja nyuma yake na mafuta ya kondoo, akapaka kila mahali, nusu kidole unene, akisema ngozi ikikatika hupakwa mafuta ya kondoo na mti nao uko na ngozi.

Mume wangu akarudi jioni. Akaangalia.

"Nani alifanya hivi?"

"Ni upendo, mwanangu," mama mkwe akasema.

"Mama, upendo umezunguka zunguka."

Na ni kweli. Pamoja na mapanga sasa kulikuwa na miduara, mamia ya miduara midogo, kama kuku wamecheza ngoma juu yake. Na yote inang'aa kwa mafuta.

Mume wangu akakunja mikono ya shati, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Akanieleza kazi. Mbao iliyogongwa, akasema, ni kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe, hazijafa, zimelala. Ukiweka kitambaa chenye maji na ukipitisha pasi ya moto juu yake, mvuke unaingia na nyasi zinaamka. Lakini pale panga lilipokata kabisa hapaamki kitu. Hapo unajaza kwa unga wa mti uleule uliochanganywa na gundi. Kisha unapiga randa, kisha msasa, na msasa ufuate nyuzi za mbao, usikate katikati yake hata siku moja, kisha nta.

Tukaweka makaa kwenye pasi. Akatandika kitambaa chenye maji, akapitisha. Ikapanda harufu ya nyama choma hapo hapo, kwa sababu ya kondoo wa mama mkwe. Mbwa wa majirani wakaja wakakaa mlangoni kwa mstari, wamenyooka kama watu wa kanisa. Mwanaume mmoja aliyekuwa akipita barabarani akaingia mpaka uani.

"Hodi! Naona mnachoma."

"Tunapiga mbao pasi," nikamwambia.

Akasimama akifikiria. "Kama hamtaki kunikaribisha, semeni tu," akasema, akaenda akiwa amekasirika. Mpaka leo familia ile hainisalimii vizuri.

Gundi nayo ikakataa kushika, tena kwa sababu ya mafuta. Ikabidi mume wangu akwangue kaunta yote kwa kipande cha kioo, tukaiosha kwa maji moto ya magadi, tukaikausha, tukaanza tena. Akanipa msasa umefungwa kwa kijiti cha mraba.

"Fuata nyuzi, mama watoto."

"Nafuata."

"Hapo umepinda."

"Nyuzi ndizo zimepinda. Mimi nafuata."

"Shika polepole."

"Kama unataka polepole, muite mama yako."

Nilisugua mpaka mabega yakawa si yangu. Nikipika nasikia msasa mikononi. Nikilala nasikia. Kanisani, wengine wakiomba, niliangalia benchi mbele yangu nikasema huyu aliyesugua hapa hakufuata nyuzi. Lakini mikwaruzo ikaanza kwenda. Miduara ya jirani ilikwenda kwanza, kwa kuwa haikuwa na kina. Kisha alama fupi za panga. Zile ndefu zilijazwa, zikapigwa randa, zikabaki kama mistari myembamba ya rangi, vile mbao ilivyo na mistari yake kwa kawaida. Tukapaka nta ya nyuki aliyotuletea muuza asali wa Doldol. Asubuhi moja nikapitisha kiganja toka mwisho hadi mwisho, macho yamefungwa, na hakuna kilichonishika.

"Sasa," mume wangu akasema, "mwalimu akija, hii kaunta haijawahi kukatwa. Asiseme mtu."

"Nitanyamaza," nikamwambia. "Lakini nikiulizwa sitadanganya."

"Hatakuuliza."

Hakuniuliza mimi.

Siku ikafika, mawingu yamekaa juu ya mlima tangu asubuhi. Nimefagia, nimeweka birika kwa jiko, nimevaa gauni la kanisa. Nikasikia mbuzi analia. Nikatoka mlango wa nyuma nikawaona wazee wanakuja mmoja nyuma ya mwingine, baba mdogo mbele na kamba mkononi, na panga limenolewa kwapani. Matone yakaanza.

"Mama watoto, sogea," baba mdogo akasema. "Mvua inakuja. Tunaingia ndani."

Nikasimama katikati ya mlango. Niliinamisha kichwa kwa heshima na nikasema kwa sauti ya chini, kama mke anavyopaswa kuongea na baba wa mumewe. Miguu yangu ndiyo haikusogea.

"Baba, samahani. Hapa hampiti."

"Kwa nini?"

"Kuna mgeni."

"Sisi pia ni wageni. Tuna mbuzi. Mgeni wako ana nini?"

"Ana viatu vilivyojaa tope," sauti ikasema nyuma yao.

Alikuwa mwalimu mkuu, mwanamke mrefu mwenye miwani, ameliacha gari juu barabarani akashuka kwa miguu. Mume wangu alikuwa nyuma yake na mwavuli, uso umekauka kama gundi. Mwalimu akavua viatu vyake mlangoni bila kuambiwa, na hapo nikampenda. Akauliza, "Kuna ubishi gani?"

Mimi nikafunga mdomo. Mume wangu akafungua wake ili aseme hakuna ubishi. Lakini baba mdogo ni mzee, na mzee haingiliwi.

"Hakuna ubishi, mwalimu," akasema kwa heshima kubwa. "Mimi nilikata mbuzi wa mahari juu ya hiyo meza ya kijana wetu. Niliikata vibaya sana. Kwa hili panga. Sasa nimeleta faini."

Mume wangu akafunga mwavuli ingawa mvua ilikuwa ikinyesha.

"Mliikata lini?" mwalimu akauliza.

"Juzi juzi tu. Njoo nikuonyeshe."

Nikasogea, kwa kuwa sasa ingekuwa ujinga kusimama. Mbuzi akabaki nje. Mwalimu akainama mpaka shavu lake likakaribia mbao, akaangalia kwa kufuata mwanga wa dirisha. Akapitisha vidole. "Wapi?"

"Hapa," baba mdogo akasema. Akaangalia. "Hapana. Hapa." Akasogea. Akainama naye, akageuza kichwa kama kuku. "Haiya! Nilikata hapa mimi mwenyewe! Kwa nguvu! Muulizeni huyu, alishika mguu!"

"Alikata," mzee mwingine akasema. "Mifupa iliruka ikanipiga kwa jicho."

Mwalimu akasimama wima. Akaniangalia. "Mama, nipe kisu. Kile unakatia mboga."

Nikaangalia mume wangu. Akaangalia chini. Nikampa kisu. Mwalimu akashika kaunta kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akavuta kisu juu ya mbao, mkwaruzo mrefu kama kiganja cha mtu, usio na kina, taratibu, na tukasikia wote. Mume wangu akatoa sauti ya mtu aliyeumwa na nyuki.

"Na huyo pia alipe mbuzi!" baba mdogo akapiga kelele.

"Toa," mwalimu akamwambia mume wangu.

Mume wangu akageuka huku na huku. Hakupata kitambaa, vitambaa vyote vilikuwa na mafuta. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, mbele ya wazee na mbele ya mwalimu, nikakichovya kwa maji nikampa. Makaa yalikuwa chini ya birika. Nikayatia kwenye pasi kwa koleo. Akatandika, akapitisha pasi, mvuke ukapanda mpaka miwani ya mwalimu ikawa nyeupe akabaki amesimama hivyo hivyo bila kuivua. Akaondoa kitambaa, akasubiri pakauke, akachukua msasa.

"Fuata nyuzi," nikamwambia.

"Nafuata," akasema.

Akapaka nta kwa kidole, akasugua kwa mkono wa shati lake la kanisa. Akarudi nyuma. Mwalimu akasafisha miwani, akainama, akatafuta. Baba mdogo akatafuta pamoja naye, kichwa kwa kichwa.

"Iko hapa," baba mdogo akasema. "Hapana, huo ni mstari wa mti."

Mwalimu akavaa miwani yake. "Yule wa mjini aliniambia fomaika haikwaruziki," akasema. "Nikaikwaruza mbele yake. Akaniambia ni mimi sijui kuitumia. Nikamwambia atoe. Akaniambia ninunue nyingine." Akanirudishia kisu, upande wa mpini. "Nina wasichana chumba kizima na kila mmoja atakuwa na kisu. Fundi, uje Jumatatu upime chumba. Na uje na pasi, uwaonyeshe."

Mume wangu alitaka kusema asante ikatoka hewa tu. Mama mkwe, aliyekuwa amesimama pembeni muda wote, ndiye aliyeshukuru kwa niaba yake, na hakusahau kumweleza mwalimu habari za mafuta ya kondoo.

Baba mdogo naye alikuwa ameshaanza hesabu nyingine. "Ngojeni kwanza," akasema. "Kama hakuna alama, hakuna kosa. Kama hakuna kosa, mimi narudi na mbuzi wangu."

Wazee wengine wakainuka wote pamoja. Mmoja akasema ametembea toka ng'ambo ya mto na tumbo tupu. Mwingine akasema alama haipo lakini kosa lipo, kosa halina msasa. Wakashika kamba upande huu, yeye upande ule, mbuzi katikati akiwaangalia mmoja mmoja. Mwishowe mama mkwe akaamua kwamba mbuzi achinjwe, si kwa faini, bali kwa furaha ya kazi ya mwanawe, na baba mdogo ahesabiwe ndiye aliyetoa. Baba mdogo akaona jina lake limepanda, akakubali.

Mvua nayo ikafunguka kabisa. Ikapiga mabati mpaka hatukusikiana. Wazee wakaangalia uani, wakaangalia majani ya migomba yanavyoelea, wakageuka wakaangalia kaunta.

Na mume wangu, baba wa watoto wangu, mtu ambaye asubuhi ile alikuwa karibu kwenda kushika ufagio, akafungua mikono yake kwa furaha akasema, "Wazee, ingieni tu! Katieni ndani! Kutoa mikwaruzo sasa tunajua!"

Nikachukua panga kwapani mwa baba mdogo kabla mume wangu hajamaliza kucheka, nikalitoa nje nikalisimamisha ukutani. Nikarudi mlangoni nikawaambia wote, pamoja na mama mkwe, pamoja na jirani aliyekuwa amekuja na majivu yake:

"Mbuzi akatiwe nje, juu ya majani, kama siku zote. Kisu hakigusi hii mbao tena, hata cha mkate. Majivu ni ya sufuria. Mafuta ya kondoo ni ya ngozi. Na wewe baba watoto, kwa vile umefurahi sana, shika mwavuli, toka uwafunike wazee mpaka wamalize, na usiingie humu kabla hujanawa mikono."